Kitabu Tulichokihamishia Kawangware

Nilikikuta kitabu hicho kwa mzee aliyeuza vitabu vikuukuu kando ya soko la Kawangware. Alivitandaza juu ya gunia, pamoja na kufuli zilizotumika na sahani za bati. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, na siku hiyo nilikuwa natafuta kitabu cha mishono ya sare za shule. Binti yangu nilikuwa nimembeba mgongoni kwa leso, ingawa alikuwa na miaka minne na miguu yake ilining'inia hadi magotini mwangu. Niliinama, nikafunua kitabu kimoja kinene kisichokuwa na jalada, nikaona picha ya mtoto amekaa kitini, mikono imejikunja kifuani, kichwa kimeegemea upande mmoja, mdomo wazi, anacheka.

Alikuwa mtoto wa Kizungu, nywele zake kama majani makavu. Lakini mikono ile ilikuwa ya binti yangu. Namna vidole vilivyojifunga vikificha dole gumba ndani, namna shingo ilivyopinda, vyote vilikuwa vyake. Tangu nimzae nilikuwa sijaona mtoto mwingine kama yeye, si barabarani, si kanisani, si kwetu Machakos. Nilidhani yuko peke yake duniani.

"Hiyo ni ya madaktari, mama," muuzaji akaniambia. "Kizungu chake ni kigumu. Chukua hii ya hadithi."

"Nipe hiyo hiyo," nikasema.

Nilirudi nyumbani bila kitabu cha mishono.

Binti yangu alizaliwa miaka michache baada ya uhuru, baada ya uchungu mrefu uliomchosha hata mkunga. Alipotoka hakulia. Walimpigapiga, wakampulizia hewa, na alipolia hatimaye tulishukuru Mungu tukadhani mambo yameisha. Alipofika umri wa kukaa hakukaa. Daktari wa hospitali kubwa alimwinua mkono, akauachilia, akautazama unavyorudi kifuani, kisha akaniambia kwa upole kwamba ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa. Hatakaa, hatasema, hatajua mtu.

"Wewe bado kijana, mama," akasema. "Utapata wengine."

Hatajua mtu! Mtoto huyo alijua hatua za baba yake kabla hajafika mlangoni. Mume wangu alikuwa seremala kwenye karakana moja ya Ngong Road, na jioni alipokanyaga ule ubao uliowekwa juu ya mtaro, binti yangu angetikisika mwili mzima kwa furaha. Wanaume wengine waliopanga pale walipita juu ya ubao ule ule na hakushtuka hata kidogo. Nilimweleza daktari hayo. Alitabasamu tu, akaita mgonjwa mwingine.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Gatina, kwenye ploti ya mwanamke mzee Mkikuyu aliyerithi ardhi hiyo kwa wazazi wake. Vyumba vilizunguka uwanja, katikati kukiwa na mfereji wa maji na kuku wake wasiohesabika. Sote tulimwita Shosho, yaani nyanya, hata watu wa rika lake. Alikuwa mcha Mungu, mkali, na hakupenda kitu chochote kilichokaa vibaya kwenye ploti yake.

"Hii mtoto usianike hapa nje," aliniambia siku ya kwanza nilipomlaza binti yangu juani juu ya mkeka. "Wapangaji wataogopa. Watasema ploti yangu iko na laana."

"Shosho, anataka jua kama watoto wengine."

"Jua iko hata kwa dirisha."

Basi tulikaa ndani, mlango wazi, cherehani yangu kizingitini, binti yangu nyuma yangu kitandani akitazama dari la mabati. Na ndivyo tulivyokuwa siku nilipokuja na kitabu.

Nilikuwa nimesoma kwa wamisionari hadi darasa la nane, na Kiingereza changu kilitosha kumwandikia mteja bei na kusoma Biblia polepole. Kitabu hiki kilinitoa jasho. Niliazima kamusi kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, nikawa nasoma ukurasa mmoja huku pasi ya makaa ikipata moto. Mume wangu hakujua Kiingereza, lakini alijua kusoma michoro. Alikifungua mahali palipochorwa kiti, akakilaza juu ya meza, akakitazama hadi chai yake ikapoa.

"Huyu fundi aliyechora hapa anajua kazi," akasema. "Ona. Mgongo wa kiti si bapa. Ni kona. Mabega yanaletwa mbele, mikono inakuja mbele yenyewe."

"Ndivyo maneno yanavyosema," nikamwambia. "Mtoto akilazwa chali, mwili unajinyoosha na kukakamaa. Akikalishwa huku kiuno kimekunjwa, unatulia."

Alimpima binti yetu kwa futi yake kama anavyopima mlango: urefu wa paja, upana wa nyonga, kutoka goti hadi kisigino. Mbao alizipata kwenye mabaki ya karakana. Mkanda wa kifuani aliukata kutoka kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na mimi nikaushonea kitambaa cha pamba usimchune.

Mchana tulipomkalisha mara ya kwanza, nilipika ugali laini na maharage yaliyopondwa. Mpaka siku hiyo kila mlo ulikuwa vita. Angekohoa, chakula kingetokea puani, sote wawili tungelia. Sasa alikuwa amekaa, kidevu kimeshuka kidogo kama kitabu kilivyosema, na mimi nimekaa mbele yake, chini kidogo, si juu yake. Nikampa kijiko. Akameza. Nikampa kingine. Akameza. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi. Bakuli lilipoisha binti yangu alitazama bakuli, akanitazama mimi, akafungua mdomo.

"Anataka ingine," mume wangu akasema, akaiweka nyundo chini na kuchukua bakuli.

Ni kitabu kizuri, lakini kiliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufika Kawangware. Kilisema mtoto aoshwe ndani ya bafu refu lenye maji ya vuguvugu, akizoea kuelea. Sisi tulikuwa na karai. Kilisema alazwe kifudifudi juu ya zulia nene. Nilishona gunia, nikalijaza maganda ya mahindi, likawa bora kuliko zulia kwa sababu lilitoa sauti kila alipojisukuma, naye alipenda sauti hiyo. Kilisema baba amtembeze bustanini kwa kigari. Msimu wa mvua, tope la Gatina lilimeza hata magurudumu ya mkokoteni. Kila ukurasa ilibidi tukae chini, mume wangu na mimi, tuulizane: hapa mwandishi anataka nini hasa? Si bafu analotaka. Anataka mwili ulegee. Sisi tunalegezaje mwili?

Pale kitabu kiliposema mtoto asimamishwe ndani ya sanduku maalumu la mbao, ili mifupa ya miguu ipate nguvu, mume wangu alifikiri sana. Mbao nzuri hazikuwepo. Asubuhi moja ya Jumamosi alichukua jembe akaanza kuchimba shimo jembamba uwanjani, karibu na stoo ya kuni. Tulimteremsha binti yetu ndani, tukamzungushia magunia, tukajaza mchanga hadi kiunoni. Mbele yake tukaweka kibao cha kuchezea.

Shosho alitoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, akatukuta hivyo. Alidondosha kitabu chake cha nyimbo.

"Ngai! Mnazika nani kwa ploti yangu? Mnazika mtoto mzima?"

"Shosho, hatumziki. Tunamsimamisha."

"Mtoto haisimamishwi kwa shimo! Toa! Toa sasa hivi, ama mimi naita chifu!"

Mume wangu hakubishana. Aliondoka njiani, akamwacha mama huyo atazame mwenyewe. Na binti yangu, ambaye Shosho hakuwahi kumwona ila amelala, alikuwa amesimama wima chini ya jua. Kichwa chake kilipepesuka, kikainama, kikainuka, kikakaa. Alimtazama Shosho usoni, macho kwa macho, akacheka.

Shosho alikaa chini juu ya kigogo cha kuni. Kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na sufuria na mbaazi mbichi za kuambua, akaziweka juu ya kibao.

"Kama umesimama," akamwambia, "basi fanya kazi."

Mbaazi nyingi ziliishia kwa kuku. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyetuambia tena tukae ndani.

Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu watoto wasiotoa maneno. Kilisema usimalizie mtoto fikira zake. Muulize swali la ndiyo au hapana, kisha ngoja. Ngoja hata uone haya. Binti yangu alipotaka kusema ndiyo aliinua macho juu, na hapana alifumba. Hayo hatukumfundisha; alikuwa akiyafanya siku zote. Kitabu kilinifundisha kuyaona tu.

Mwanzoni nilimuuliza mambo niliyoyajua: unataka maji? Una baridi? Siku aliyoniambia jambo nisilolijua ilikuwa siku ya ugomvi. Kuku mmoja wa Shosho alionekana kama ameacha kutaga, na Shosho alishuku kwamba mpangaji wa chumba cha kona, kijana mpole wa kutoka Kitui, alikuwa anakula mayai yake. Walikuwa wanafokeana uwanjani. Binti yangu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mfereji, alianza kupiga kelele na kurusha mikono.

"Ako na nini huyo?" Shosho akauliza.

Nikapiga magoti mbele yake. "Unajua habari ya mayai?"

Macho juu.

Nikamsogelea zaidi. "Ni huyu kijana anayachukua?"

Akafumba macho kwa nguvu.

"Yako kwa nyumba yangu?" Shosho akadakia, amesahau hasira. Akafumba. "Kwa choo? Nyuma ya tangi?" Akafumba, akafumba. "Kwa kuni?"

Macho juu, na mwili mzima ukaenda juu nayo.

Kijana wa Kitui mwenyewe ndiye aliyeondoa kuni. Nyuma kabisa, ndani ya karai lililotoboka, kulikuwa na mayai yamejaa tele na kuku akiyalalia kwa hasira. Watu walipiga makofi. Shosho alimwomba kijana msamaha mbele ya wote, jambo ambalo hakuna aliyetarajia kuliona, kisha akachukua mayai matatu akayaweka mapajani mwa binti yangu.

"Sikizeni nyinyi wote," akasema. "Hapa kwa ploti kuna mtu mmoja tu anatumia macho yake. Ni huyu."

Baada ya hapo nilianza kumfundisha herufi. Nilikuwa nashona huku nimeandika kwa chaki ukutani, namuuliza: hii ni ba au da? Mume wangu alichukua kipande cha plaiwudi akakipaka rangi nyeupe, akachora herufi kubwa nyeusi zenye nafasi kati yake, kwa sababu ngumi ya kulia ya binti yetu ndiyo pekee iliyomtii, nayo ilihitaji nafasi. Alikuwa na miaka minane alipoweza kunionyesha neno zima. Neno la kwanza lilikuwa MAMA, bila shaka. La pili lilikuwa CHUMVI. Nilikuwa nimesahau kuitia.

Nilimpeleka shule ya msingi ya karibu. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, anayeheshimika sana mtaani. Alitukaribisha ofisini, akamtazama binti yangu, akanitazama mimi.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini ziko shule za watoto kama huyu."

"Zina nafasi, mwalimu?"

Akapanga karatasi zake mezani. "Hapa darasa moja lina watoto wengi kuliko madawati. Na yeye hasemi. Nitajuaje kama ameelewa?"

"Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Chochote, mwalimu. Lakini muulize yeye, si mimi."

Mwalimu mkuu alivuta kiti chake karibu. "Haya, binti. Kwa nini unataka kuja shule?"

Nilimwekea ubao mapajani. Ngumi ilipanda, ikayumba, ikashuka. Mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti kila herufi, kwanza kwa adabu tu, halafu akiinama zaidi na zaidi. N. I. M. E. Ngumi iliteleza, ikarudi. C. H. O. K. A.

"Nimechoka," mwalimu akasema taratibu. "Umechoka na nini?"

K. U. K. U.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Binti yangu naye akacheka kwa ile sauti yake kubwa inayotoka tumboni, na karani akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Hata mimi ningechoka nao," mwalimu akasema alipopata pumzi. "Jumatatu, saa moja na nusu. Asichelewe. Hapa hatupendi wachelewaji."

Hakuchelewa. Mume wangu alifunga magurudumu ya mkokoteni mdogo chini ya kiti, na kila asubuhi nilimsukuma. Mwaka haujaisha, wanafunzi wenzake walikuwa wanagombania nani atamsukuma wakati wa mapumziko. Alipofika mwisho wa shule ya msingi alifanya mtihani kama wote, akionyesha herufi huku mwalimu akiandika na msimamizi mwingine akishuhudia. Alifaulu. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe hadi ploti kutuambia, kwa miguu, akiinua sketi yake kuvuka tope. Shosho alichinja. Nadhani mnajua alichinja nini.

Lakini kabla ya hapo jambo jingine lilikuwa limeanza. Siku moja nikimpeleka binti yangu kliniki, mwanamke mmoja alinishika mkono barabarani bila hata salamu.

"Hii kiti ulitoa wapi?"

Alikuwa anakaanga na kuuza mandazi Kibera. Nilimweleza. Akasema, "Kuja uone wangu," nami nikaona usoni mwake kwamba hawezi kungoja. Niliacha kliniki, nikageuza kiti, tukaenda pamoja hadi Kibera, hadi chumba kilicho karibu na reli. Nyuma ya pazia alikuwa mwanawe, mtoto mkubwa tayari, amelala chali, amekakamaa kama wangu alivyokuwa. Binti yangu alimtazama kwa muda, kisha akagonga ubao wake: MKALISHE.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikwenda na mbao. Jirani ya mama huyo akasikia, naye alikuwa na mtoto. Na shangazi wa jirani. Watoto hao walikuwepo siku zote, nyuma ya mapazia, na kila mama alidhani ni wake peke yake. Kanisa dogo la hapo likatupa ukumbi wake kila Alhamisi. Niliwasomea kitabu nikitafsiri papo hapo, na hawakuwa wasikilizaji wa kunyamaza.

"Bafu gani hiyo?" wangeuliza. "Zulia iko wapi?"

"Subirini. Sisi tunatumia karai. Tunatumia gunia."

"Basi soma hiyo ya gunia!"

"Haimo humu."

"Kwani nani atayaandika?" akauliza mama wa mandazi. Kisha akaongeza lake: uji mwepesi ulimkaba mwanawe, lakini ugali laini uliochanganywa na samaki wadogo wa omena waliopondwa ulishuka vizuri, kwa sababu ulikuwa mzito na ulimi uliweza kuushika. Kitabu hakikuwa na hilo. Hakikujua omena ni nini.

Hivyo tukaandika chetu. Mwalimu mkuu alituazima taipureta kuukuu ya shule. Mume wangu alikata ubao mwembamba, akautoboa tundu juu ya kila herufi, akauweka juu ya mashine ili ngumi iliyoshika kijiti isianguke pasipotakiwa. Binti yangu, sasa msichana mkubwa, ndiye aliyepiga chapa kila neno. Kina mama walisema, mimi nikanyoosha sentensi, yeye akaandika. Ilichukua zaidi ya mwaka. Mara nyingine kurasa mbili zilimla wiki nzima, na jioni mkono wake ulitetemeka hata hakuweza kulala vizuri. Nilimwambia apumzike, mimi nitapiga. Alifumba macho. Hapana.

Mara moja tu aligoma. Tulikuwa tumefika kwenye kichwa cha kitabu, na kina mama walikubaliana kiwe juu ya kutunza watoto wasiojiweza, kwa kuwa ndivyo watu walivyosema wakati huo. Alikiacha kijiti kianguke. Akavuta ubao wake wa herufi.

HILO SIANDIKI.

"Na tuandike nini basi?" nikamuuliza. Ukumbi mzima ulimzunguka.

MIMI NAJIWEZA KUANDIKA KITABU CHENU.

Mama wa mandazi alicheka kwanza, halafu wote wakacheka, halafu mmoja akaanza wimbo na wakasimama wakacheza, wengine na watoto mikononi. Kitabu kikaitwa cha watoto wetu, basi. Kilichapishwa kwa stensili, kikashonwa mgongoni kwa uzi wangu wa sare, na michoro yote ilikuwa ya mume wangu: karai, gunia, shimo la mchanga, kiti cha kona.

Nakala zilisambaa kwa njia ambazo hatukuzipanga. Asubuhi moja mwanamume aliyevaa kofia ya jua aliingia kwenye ploti. Alikuwa ametoka Kitui kwa basi, mtoto mgongoni amefungwa kwa shuka kama wanavyofunga kina mama, na kitabu chetu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Namtafuta mwandishi," akasema.

Nikamwonyesha binti yangu, aliyekuwa kivulini mbele ya taipureta. Mtu huyo alimtazama, akatazama kiti, akatazama ngumi iliyoshika kijiti. Kisha akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "nimesoma yote, lakini sijui nianze wapi na huyu wangu."

Binti yangu aliinua macho, akanielekeza nimpishe mgeni akae. Mume wangu alikuwa tayari amechukua futi yake, akaja kumpima mtoto.